Andika Salama

Kwenye Piramidi
Mwaka wa hesabu ya nane ya ng'ombe, mwezi wa pili wa Mafuriko, siku ya 3

Baba,

Shikamoo. Mimi mwanao Mehu sijambo, shemeji Hesi naye hajambo, na mkate wa Mfalme tunaupata, ingawa una mchanga mwingi kiasi kwamba Hesi anasema piramidi tunaijenga kwa nje huku tunaila kwa ndani.

Nimepandishwa cheo. Usicheke. Sihesabu tena mawe juani kule bandarini. Nimewekwa mwandishi wa kikosi cha ndani, Wapenzi wa Mfalme, watu ishirini na wawili, ambao ndio wanaojenga chumba atakamolala Mfalme mwenyewe, awe na uhai, afya na nguvu. Walevi wa Mfalme, kile kikosi cha upande wa kaskazini, wametuonea wivu hadi wakaandika matusi kwa rangi nyekundu kwenye mawe yetu matatu. Tumeyageuza yakaangalia ndani, tukajengea. Matusi yao yatakaa humo milele.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi, maana ndiyo uliyoifanya ujanani. Kila asubuhi, kabla kikosi hakijaingia, fundi anaingia na nyundo ya mti, anagonga mawe ya dari moja moja na kusikiliza. Akitoka ananiambia alichosikia, nami naandika kwenye daftari la siku neno moja: salama. Nisipoliandika, mlango haufunguliwi. Fundi wetu msikilizaji ni Hesi. Mafundi wote wanalikubali sikio lake. Wanasema ni urithi wa marehemu baba yake.

Sasa Baba, nataka shauri lako, na nakuomba usimwambie dada yangu Nubet, asije akashtuka na ile mimba. Siku kumi zilizopita Hesi aligonga jiwe la tatu la dari, akaligonga tena, kisha akanitazama. Akasema, "Mehu, hili halilii kama wenzake. Linalia kama mtungi wenye ufa." Tukapaka jasi juu ya kiungo, unene wa kidole, kama mlivyokuwa mkifanya ninyi. Asubuhi ya tatu jasi ilikuwa imepasuka toka mwisho hadi mwisho. Tukapaka nyingine, hiyo ikapasuka kwa siku mbili. Nikamwita mkuu wa mafundi. Akaja, akatazama, akaagiza jasi ndoo nzima, ufa ukafunikwa wote na dari ikawa nyeupe kama yai. Akaniuliza, "Haya mwandishi, unaona ufa?" Nikasema hapana. Na kweli sikuuona tena.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu tumeuziba, na tangu siku hiyo nikiingia mle kila hatua natazama juu. Sibebi hata kokoto, lakini naogopa kuliko wabebaji.

Wazee wa hapa wanakukumbuka. Wakisikia mimi ni mwana wa Idu wa Nekheb, wananipisha njia. Wewe ulifanyaje enzi zako jiwe lilipolia vibaya?

Mwanao,
Mehu


Nekheb
Mwezi wa pili wa Mafuriko, siku ya 24

Mehu,

Marahaba. Barua yako ilifika juzi na mashua ya kubebea shaba. Nimeisoma mara moja nikaichoma. Hii nayo ukiisha kuisoma ichome.

Nani alikufundisha kuandika mambo ya namna hiyo kwenye mafunjo? Si mimi. Mimi nilikufundisha kwa fimbo, na naona fimbo haikutosha. Barua inapita mikononi mwa watu sita kabla haijanifikia, na wote sita wana macho. Muhuri wa udongo ni udongo tu.

Jiwe linapokaa mahali pake hulia. Mzee naye anapokaa kitini hulia, na hakuna anayemkimbia. Mkuu wa mafundi amekwambia hakuna ufa, basi hakuna ufa. Andika salama. Mimi niliandika salama kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu, na leo nina nyumba, nina mbuzi, nina kaburi la mawe kule mlimani ubavuni kwa marehemu mama yako, na wakuu wakipita hapa wanashuka mashuani kuja kunisalimia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huko kwenu haiishii kwenye guu.

Ila jambo moja nalitaka. Mtoe Hesi humo ndani. Sema anakohoa vumbi, sema amevunjika mkono, sema lolote, apelekwe bandarini akapokee mawe. Nubet yuko mwezi wa sita, naye anamtaka mumewe akiwa mzima. Wewe ni mwandishi, nafasi yako ni mlangoni. Kaa hapo hapo mlangoni.

Mimi sijambo, isipokuwa macho. Mtu akiwa hatua kumi namwona kama nguo iliyoanikwa. Usingizi nao umenikataa tangu juzi. Nubet ananipikia uji wa shayiri, naunywa ili asiulize.

Andika salama, mwanangu. Nakuambia mara ya pili.

Baba yako,
Idu


Kwenye Piramidi
Mwezi wa tatu wa Mafuriko, siku ya 8

Baba,

Barua yako imefika leo asubuhi. Muhuri ulikuwa umevunjwa na kubandikwa tena kwa udongo wa hapa, mwekundu, wakati wa Nekheb ni mweusi. Kwa hiyo wameisoma. Na kwa hiyo nimekuelewa.

Mwanzo iliniuma. Nilikaa juu ya gogo nikajiuliza, huyu ndiye Baba? Halafu nikautazama tena ule udongo, nikacheka peke yangu mpaka mpishi akauliza kama nimepigwa na jua. Uliwaandikia wao! Ulijua wataifungua, ukawapa wanachotaka kusoma, na katikati ukanifichia neno langu: mtoe Hesi. Kama dari ni salama, Hesi atolewe kwa nini? Mzee wewe! Miaka yote nimekaa nyumbani kwako sikujua kama una ujanja huo.

Nimemwambia Hesi atoke, kagoma. Alichosema ni hiki: "Baba yangu alifia kwenye kazi hii hii. Mimi nasikia jiwe linasema nini. Nikitoka, nani atawasikilizia hawa?" Kisha akaniambia nikupe asante yake. Anasema ulimchukua ana miaka minne, hana hata ndala mguuni, ukampa nyumba, ukampa na binti, na hata sasa ni mtu mzima bado unamtafutia kivuli. Aliyasema hayo akageukia ukutani. Unamjua alivyo, hapendi kuonekana uso akiwa vile.

Hali ni mbaya, Baba. Ile jasi nyeupe imefanya mistari. Leo ufa unaingiza vidole viwili vya Hesi hadi kiungo cha pili. Wameleta magogo ya mwerezi wakayakaza kati ya ukuta na ukuta, kuta zisisogeleane, na magogo yanalia. Ukiweka kiganja juu yake unayasikia yanatetemeka. Kikosi kilichokuwa kikiimba toka bandarini hadi juu sasa kinaingia kimya, kila mtu ameshika hirizi yake, na jioni wakitoka wanajihesabu wenyewe kabla sijawahesabu mimi. Jana kokoto ndogo ilidondoka kwenye bia ya mzee mmoja. Akaimwaga yote, na hakuna aliyemcheka.

Kesho jeneza la mawe la Mfalme linasukumwa mahali pake, na kikosi kizima kinatakiwa ndani kwa pamoja, watu ishirini na wawili chini ya lile jiwe la tatu.

Kesho sitaandika salama. Nitafunga daftari mbele yao. Naogopa, sikufichi. Unaona mistari ya barua hii ilivyopinda, na leo hakuna upepo. Lakini nikijiuliza wewe ungefanya nini, jibu naliona. Nitafanya kama ulivyofanya wewe.

Mwanao,
Mehu


Nekheb
Mwezi wa tatu wa Mafuriko, siku ya 27

Mehu,

Hapana. Hapana, we mtoto, hapana. Sikuwaandikia wao. Nilikuandikia wewe, na nilimaanisha kila neno.

Kama siku hiyo imeshapita na bado una pumzi, nenda kwa Msimamizi Mkuu ukalale kifudifudi. Sema ulikuwa na homa. Sema ulilewa. Andika salama kwa siku zote ulizoziruka. Na popote utakapokuwa usiseme ulifuata mfano wangu. Huujui mfano wangu.

Nimempa nahodha mbuzi jike ili asisimame popote njiani. Nijibu. Hata neno moja.

Idu


Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Kazi za Mfalme
Mwezi wa nne wa Mafuriko, siku ya 10

Kwa Idu, aliyekuwa Mwandishi wa Kazi, Nekheb.

Unaarifiwa kwamba mwezi wa tatu, siku ya 11, jiwe la dari katika chumba cha ndani lilishuka. Waliokuwamo wamekwenda Magharibi. Katika orodha yao wamo Mehu mwana wa Idu, mwandishi, na Hesi mwana wa Dagi, fundi. Chumba hicho kimezibwa kwa mawe na jasi, na kingine kinajengwa juu yake. Hakuna mwili utakaorudishwa.

Barua yako kwa marehemu imefika akiwa hayupo, na inarudishwa pamoja na hii. Imesomwa. Busara iliyomo imetupendeza.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa kwanza wa Kupanda, siku ya 20, mwandikishaji Senu atafika Nekheb kuchukua vijana arobaini kwa kazi ya chumba kipya. Watu wa Nekheb wanakuheshimu. Utasimama mbele yao uwaambie kwamba mahali pale ni salama.

Tunafahamu kuwa una binti nyumbani na kwamba yu karibu kujifungua. Tunamtakia heri.


Ndani ya bakuli la udongo, kaburini, Nekheb
Mwezi wa kwanza wa Kupanda, siku ya 16

Idu anamwambia mwanawe Mehu, aliye Magharibi.

Huu ni mkate, na hii ni bia. Kula kwanza ndipo usome, maana ukianza kusoma hutakula. Nimechukua bakuli la Nubet la kukandia unga, kwa sababu haya madogo tunayowaandikia wafu kila mara hayanitoshi.

Sijui kama upo hapa. Hatukukuzika. Nimemwomba mama yako akutafute huko aliko akulete kwenye mkate wako.

Nina kesi huko kwenu, Mehu, na mtetezi wangu ni wewe peke yako. Naamini mshtaki wangu ndiye aliyewachukua ninyi wawili kwa kosa langu. Ni Dagi, baba yake Hesi. Umeshamwona? Ni mfupi, ana kovu kidevuni. Mpe heshima yake.

Nilikwambia niliandika salama miaka kumi na mitatu, na ni kweli. Asubuhi moja Dagi alitoka ndani na nyundo yake akaniambia, "Mwandishi, leo usifungue. Jiwe limebadilika sauti." Msimamizi alikuwa nyuma yangu anapepewa. Mimi nilikuwa kijana, mama yako ana mimba yako. Nikamwambia Dagi mbele ya kikosi kizima, "Wewe vipi, mbona unatetemeka kama mwari?" Kikosi kikacheka. Alinitazama kidogo, akacheka na yeye, akachukua nyundo yake akawatangulia. Nikaandika salama. Wino ulikuwa haujakauka jiwe liliposhuka. Watu kumi na mmoja. Majina yao nayajua yote, nayataja kila asubuhi ninaponawa uso, kwa sauti ambayo hata Nubet haisikii.

Kisha nikaenda kwa mjane wake na shayiri, na alipofariki nikamchukua mtoto. Nekheb nzima ikasema Idu ana moyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu niliyaficha mpaka yakawa sifa.

Nawe ukaniandikia kwamba utafanya kama nilivyofanya. Mwanangu, ulimfuata mtu ambaye hakuwahi kuwapo, na amekuua. Hilo ndilo linaloninyima chakula.

Sasa siku ya ishirini wanataka niwaambie vijana arobaini neno lile lile. Nikikataa, watamchukua Nubet na tumbo lake. Nikikubali, vijana hao watakuja huko mliko, nami nitawakuta wote wananingoja. Naogopa kuishi na naogopa kufa. Nifanyeje? Nitumie ndoto. Nitarudi siku ya kumi na nane na mkate mwingine.

Mwambie Dagi simkatazi kunichukia.

Baba yako


Upande wa nje wa bakuli hilo hilo
Siku ya 17

Baba,

Usipige kelele. Kuhani Ipi unayekuja naye hajui kusoma, lakini masikio anayo. Kaa chini, uligeuze bakuli polepole kama mtu anayelipangusa.

Tuko hai. Tuko chumba cha nyuma, karibu na Mama.

Siku ile nilifunga daftari, Hesi akawatoa watu wote, na tulipoona walinzi wanapanda tukakimbia kila mtu na njia yake. Siku mbili baadaye wakaingiza Walevi, na mwandishi mwingine akaandika salama. Habari tulizipata njiani. Ni watu tisa waliokufa, Baba, wale wale wa matusi ya rangi nyekundu. Majina yetu wameyaongeza kwenye orodha ya waliokufa, kwa sababu kuandika kwamba tulikataa na kwamba tulikuwa sahihi ingekuwa aibu kwao. Wakitukuta hai watatuua ili tulingane na orodha. Ndiyo maana tumetembea zaidi ya siku sitini kandokando ya jangwa, na ndiyo maana hatujabisha hodi kwako.

Jana ulipokuja na kuhani niliiona miguu yako kupitia mwanya wa jiwe la sadaka. Nilijiuma mkono nisikuite. Mlipoondoka tuliuvamia ule mkate kama fisi. Hesi akasema, "Hebu nisomee, mzee anawaambia nini wafu wake?" Tulikuwa tunacheka, Baba. Nikasoma kwa sauti huku nalizungusha bakuli, na nilipoliona jina la Dagi ulimi ulikuwa umeshatangulia. Nikanyamaza. Akasema, "Endelea." Nikasoma yote.

Tangu hapo hajala. Hakulia wala hakutukana. Asubuhi hii ameniambia nichanganye masizi na maji niandike maneno yake. Nilianza kwa kukuita Baba kwa niaba yake, akauliza nimeandika nini, akaniambia nifute. Nimefuta. Yanayofuata ni yake.

Mwandishi Idu. Siku ya kumi na tisa mtume Nubet alete mkate huku, peke yake. Mehu ataondoka naye kuelekea visima vya mashariki. Mtoto wangu hatazaliwa mikononi mwa wale watu. Mimi siendi nao. Siku ya ishirini nitakuwa nyuma kabisa, katikati ya wachungaji wa jangwani, nguo usoni. Nitakaa chini nikusikilize. Ukisema salama, nitasimama, nitavua nguo usoni, nitataja jina langu na la baba yangu, na watanichukua pale pale. Utakuwa umetuua sote wawili kwa neno moja. Ukisema kweli, sitasimama. Nitaondoka na mbuzi wa watu niwafuate Nubet na Mehu, na hutanisikia tena. Sijui kama nakuchukia. Nimekaa hapa tangu jana najiuliza na sijui.

Mwisho wa maneno yake. Nimemsihi mpaka sauti imenikauka. Baba, hofu niliyonayo sasa sikuwa nayo hata chini ya lile jiwe. Wakikukamata sitaweza kuja kukutoa. Hilo nalijua, na Hesi analijua. Mimi bado nakuita Baba.

Mehu


Mwandikishaji Senu, kwa Ofisi ya Msimamizi Mkuu
Nekheb, mwezi wa kwanza wa Kupanda, siku ya 21

Kwa heshima natuma habari mbaya. Mashua inarudi tupu.

Vijana arobaini walikusanywa jana mbele ya ghala, na jamaa zao pamoja nao, nikawaamuru wote wakae chini. Mzee Idu aliletwa kwa kushikwa mkono kwa kuwa haoni mbali. Nilimwambia aseme neno moja tu tuondoke kabla ya jua kali. Badala yake akaanza kutaja majina. Yalikuwa kumi na moja, la kwanza Dagi, na akaeleza walivyokufa na nani aliyeandika asubuhi hiyo. Alijitaja mwenyewe, na maneno aliyomwambia huyo Dagi, na jinsi watu walivyocheka. Akasema mwaka huu wamekufa tena tisa ambao majina yao hayajui, tuulizwe sisi. Akasema chumba kipya kimekalia kile kibovu. Nilimpiga kwa fimbo mara mbili na bado akawa anasema.

Walioanza kuinuka ni akina mama, wakawavuta wanao mikono. Askari wangu wanne hawakutosha. Nyumbani kwake tumekuta jiko lina majivu ya moto na binti hayupo. Wachungaji nao waliondoka na mifugo yao kabla sijawauliza lolote.

Mzee tunaye. Naomba maelekezo.

Jambo moja silielewi, nalieleza lisije likawa na maana. Alipomaliza kusema, kabla mtu yeyote hajainuka, alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, mpaka askari akamshika asianguke. Nilidhani ni hofu ya fimbo. Akanishika nguo akaniambia, "Bwana, nakuomba, macho yangu hayafiki. Niangalizie kule nyuma kabisa, kwa wachungaji. Kuna mtu amesimama?"

Nikaangalia. Nikamwambia, "Hakuna aliyesimama, mzee mwendawazimu. Wote wamekaa."

Akaacha kutetemeka. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo, akanyoosha mikono yake tumfunge.

Senu